Hedseti ya gemu haitoi sauti: tafuta sauti inakopotelea

Swali hili, "kwa nini hedseti yangu haitoi sauti?", hunifikia karibu kila wiki, na anayeuliza mara nyingi ameshakata tamaa. Hedseti imechomekwa, taa inawaka, gemu inaendelea, masikioni kimya. Wengine huniambia wamekwisha kufuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa), wamesakinisha Windows upya, na sasa wanataka kununua hedseti nyingine. Nimeona niandike jibu moja refu, ili ukipatwa na tatizo hili usiku na huna wa kumwuliza, uwe na pa kuanzia.

Shika jambo moja tu kabla ya yote. Sauti husafiri: inatoka kwenye gemu, inapita kwenye mfumo wa kompyuta au konsoli (mashine ya gemu kama PS5 au Xbox), inafika kwenye tundu au kipokezi, inapita kwenye waya, ndipo ifike sikioni. Ikiwa husikii kitu, imekatika mahali fulani katika safari hiyo. Kazi yako ni kupajua mahali hapo kwanza, kabla hujagusa chochote. Hedseti nyingi nilizoletewa zikiitwa mbovu zilikuwa nzima kabisa, ila sauti ilikuwa imepelekwa kwenye skrini.

Unavyohitaji

- Hedseti yenyewe pamoja na nyaya zake zote, na kipokezi chake kidogo cha USB kama ni ya bila waya.
- Kifaa cha pili cha kujaribia: simu, laptopu, konsoli, chochote kinachoikubali hedseti yako.
- Eafoni za kawaida za simu ambazo una hakika ni nzima.
- Wimbo unaoufahamu vizuri. Usijaribu kwa gemu, kwa sababu gemu ina mipangilio yake ya sauti na itakuchanganya.
- Tochi na kijiti cha meno cha mbao.

Onyo la kwanza: shusha sauti hadi robo kabla ya kila jaribio. Watu hupandisha sauti hadi mwisho wakihangaika, kisha hedseti inazinduka ghafla ikiwa masikioni. Usifanye hivyo. Sikio likiumia haliponi kama waya unavyounganishwa.

Hatua ya 1: Ikague hedseti kwa mikono

Tafuta gurudumu la sauti kwenye sikio la hedseti au kwenye waya, ulizungushe hadi katikati. Mara nyingi gurudumu hili haliijui kompyuta yako: kompyuta inaweza kuonyesha sauti ni 100 huku gurudumu likiwa limefungwa. Kama kuna gurudumu la pili, au moja lenye alama ya padi (kidhibiti cha kuchezea gemu) upande mmoja na ya mtu anayeongea upande wa pili, liweke katikati pia. Hilo hugawa sauti kati ya gemu na maongezi, na likifika mwisho wa upande mmoja, upande mwingine hunyamaza.

Kama waya wa hedseti unachomoka kutoka kwenye hedseti yenyewe, uchomoe na uurudishe kwa nguvu kidogo hadi ukae. Kama ni ya bila waya, ichaji nusu saa kwanza. Taa inayowaka haimaanishi betri inatosha.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la kubadilishana

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Chomeka hedseti kwenye kifaa cha pili, cheza ule wimbo. Ikiwa ina kipokezi cha USB, hamisha na kipokezi. Kisha, kama hedseti yako haitumii USB, geuza: chomeka zile eafoni za simu kwenye kompyuta yako, tundu lile lile lililokuwa na hedseti.

Ikiwa hedseti inalia kwingine, ni nzima. Usitumie pesa, endelea na hatua ya 3. Ikiwa eafoni nazo ziko kimya kwenye kompyuta yako, kosa liko upande wa kompyuta au tundu. Ikiwa hedseti haitoi sauti popote huku eafoni zikilia vizuri, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho inayohusu waya uliokatika.

Kwa hedseti ya USB jaribu kwenye kompyuta nyingine, usiitegemee simu. Si kila simu huikubali hedseti ya USB, na unaweza kuihukumu kimakosa.

Hatua ya 3: Plagi na tundu

Itazame plagi ya milimita 3.5 kwa makini. Imezungukwa na pete nyembamba za plastiki. Zikiwa mbili, plagi ina sehemu tatu za kugusana: sikio la kushoto, sikio la kulia, na njia ya umeme kurudi. Zikiwa tatu, kuna sehemu ya nne, ambayo ni ya maiki.

Kompyuta kubwa ya mezani kwa kawaida ina matundu yenye rangi. Kijani ni la kusikilizia. Waridi ni la maiki. Bluu ni la kuingiza sauti kutoka kifaa kingine. Hedseti yenye plagi mbili ikichomekwa kinyume, yaani ya kusikilizia ikaingia kwenye waridi, utapata ukimya kamili, na hakuna mpangilio wowote wa Windows utakaokusaidia. Kwenye kasha la kompyuta lenye matundu meusi yasiyo na rangi, mulika tochi utafute mchoro mdogo wa hedifoni.

Hedseti yenye plagi moja ya pete tatu imekusudiwa simu, padi na laptopu zenye tundu moja la pamoja. Kwenye kompyuta yenye matundu mawili unahitaji kigawanyio chenye tundu moja na plagi mbili. Angalia vizuri unaponunua, kwa sababu kuna vingine vinavyofanana navyo vyenye plagi moja na matundu mawili, na hivyo vina kazi nyingine.

Sukuma plagi hadi usikie au uhisi "tik" ndogo. Plagi iliyoingia nusu ni sababu ya malalamiko mengi. Kava nene la simu au la padi huweza kuizuia isifike mwisho. Na kama tundu limekaa muda mrefu bila kutumika, huenda lina vumbi lililogandamana ndani: zima kifaa, ulichokonoe taratibu kwa kijiti cha mbao. Usitumie pini wala sindano, utapinda vibati vya ndani na tundu litakufa moja kwa moja.

Tundu la mbele ya kasha likikataa, jaribu la kijani la nyuma. Matundu ya mbele huunganishwa na ubao mama (motherboard) kwa waya unaochomekwa kwenye pini zenye maandishi kama HD_AUDIO, F_AUDIO au AAFP, na kwenye kompyuta iliyoundwa nyumbani kwa kukusanya vipande waya huo husahaulika sana. Ukitaka kufungua kasha kuuangalia, zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani kwanza.

Hatua ya 4: USB na vipokezi

Hedseti ya USB ina kadi yake ndogo ya sauti ndani. Kwa hiyo mambo ya matundu ya kijani hayaihusu; yanayoihusu ni haya.

Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB. Jaribu tundu lingine, hasa la nyuma. Kama waya wake unachomoka, jaribu mwingine unaopitisha data, maana kuna nyaya za USB zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu: taa itawaka, kompyuta haitaona kitu. Na upande wa pili wa jambo hilo hilo, hedseti nyingi za bila waya hutumia tundu lake la USB kwa chaji peke yake. Ukizichomeka kwa waya na kuondoa kipokezi, hutasikia chochote, na si kosa lake.

Kipokezi cha hedseti ya bila waya, kinachotumia masafa ya 2.4 GHz, kikikaa jirani na tundu la USB 3 linalofanya kazi, kwa mfano lenye diski ya nje, mawimbi huingiliwa kwa sababu USB 3 hutoa kelele katika eneo hilo hilo la masafa. Kihamishie kwenye tundu la USB 2, au tumia waya wa kurefusha ukiweke juu ya meza, mahali hedseti inapoweza kukiona bila kuzuiwa na kasha la chuma.

Hatua ya 5: Iambie Windows sauti iende wapi

Hapa ndipo wengi hupona, kwa hiyo nenda polepole.

Windows huhesabu kila kitu chenye uwezo wa kutoa sauti kuwa kifaa peke yake: spika, skrini ya HDMI, hedseti ya USB, hata padi ya PS5 iliyochomekwa kwa waya. Sauti hupelekwa kwa kimoja kilichochaguliwa. Ukichomeka skrini mpya au ukisasisha draiva ya kadi ya picha, chaguo hilo huweza kuhama bila wewe kuulizwa.

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia System, kisha Sound.
2. Chini ya Output, chagua hedseti yako. Kwenye Windows 11 kuna njia ya mkato: Windows + Ctrl + V hufungua orodha hiyo hapo hapo, hata ukiwa katikati ya gemu.
3. Ikiwa hedseti yako ni ya plagi ya milimita 3.5, usitafute jina la kampuni iliyoitengeneza. Itaonekana kama Speakers au Headphones, pamoja na jina la kadi ya sauti ya kompyuta, mara nyingi Realtek. Nimeona watu wakipoteza jioni nzima wakitafuta jina ambalo haliwezi kutokea.
4. Fungua Volume mixer ukurasa huo huo. Hakikisha gemu yako haijashushwa hadi sifuri na haijapangiwa kifaa kingine.
5. Hedseti haimo kwenye orodha? Bonyeza Windows + R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Kwenye kichupo cha Playback, bofya kulia mahali patupu, weka alama kwenye Show Disabled Devices. Ikitokea ikiwa imefifia, bofya kulia juu yake, chagua Enable.
6. Hapo hapo, ifanye kuwa Default Device na pia Default Communication Device. Ni vitu viwili tofauti: cha kwanza hubeba gemu na muziki, cha pili hubeba maongezi.

Kwa wenye Mac, mambo ni mafupi: System Settings, Sound, Output, chagua hedseti.

Hatua ya 6: Soma mistari ya kijani

Usilifunge lile dirisha la Playback. Cheza wimbo, utazame pembeni ya kila kifaa: kuna mstari unaopanda na kushuka kwa kijani sauti inapopita.

Mstari ukicheza kando ya hedseti yako na bado husikii, kwa kawaida kompyuta imeshamaliza kazi yake. Rudi kwenye gurudumu, plagi, waya na chaji; usiguse draiva. Ukicheza kando ya kifaa kingine, umeipata sauti yako ilikokwenda, irudishe kwa hatua ya 5. Usipocheza popote, sauti haijatoka hata kwenye programu yenyewe.

Jaribio hili huchukua nusu dakika, na huniambia mimi mengi kuliko maelezo ya dakika kumi.

Hatua ya 7: Gemu na programu za maongezi

Wimbo ukisikika lakini gemu haisikiki, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya gemu. Baadhi zina sehemu ya kuchagua kifaa cha kutolea sauti. Na gemu nyingine hushika kifaa zinapofunguliwa tu: ukichomeka hedseti baadaye, zinaendelea kupeleka sauti kule kwa zamani. Ifunge kabisa, hakikisha hedseti imechomekwa, uifungue tena. Jizoeze kuvaa hedseti kwanza, gemu baadaye.

Kwenye Discord nenda User Settings, Voice & Video, uchague hedseti kwenye Output Device.

Pia rudi kwenye mmsys.cpl, kichupo cha Communications, uchague Do nothing. Bila hivyo Windows hushusha sauti ya gemu kila inapodhani uko kwenye simu, nawe utadhani hedseti inaugua.

Hatua ya 8: Kama unatumia Bluetooth

Kwanza zima Bluetooth ya simu yako. Hedseti hupenda kujiunga na kifaa cha mwisho ilichokizoea, na mara nyingi ni simu iliyo mfukoni mwako.

Pili, elewa kwamba Bluetooth ya kawaida ina njia mbili: moja ya kusikiliza tu, yenye sauti nzuri ya stereo, yaani ya kushoto na kulia, na nyingine ya maongezi, yenye maiki lakini sauti hafifu isiyotofautisha kushoto na kulia. Kwenye Windows 10 hutokea kama vifaa viwili, na kimoja kina neno Hands-Free. Gemu ikipeleka sauti kwenye kimoja wakati kingine ndicho kinachotumika, utasikia kimya. Chagua kile cha Stereo kwa gemu, na utumie maiki tofauti ukiweza. Kwa maoni yangu Bluetooth ya kawaida haifai kwa gemu za ushindani, kwa sababu sauti huchelewa.

Hatua ya 9: Konsoli

PS5: Settings, Sound, Audio Output, kisha Output to Headphones uiweke All Audio. Ikiwa kwenye Chat Audio, utasikia marafiki tu. PS4 ina chaguo hilo hilo chini ya Devices, Audio Devices.

Xbox: bonyeza kitufe cha Xbox, nenda kwenye alama ya spika, upandishe sauti ya hedseti na uweke kigawanyi cha maongezi katikati. Padi za Xbox One za mwanzo, za 2013, hazina tundu la milimita 3.5, zinahitaji adapta.

Si PS5 wala Xbox inayokubali hedseti ya kawaida ya Bluetooth moja kwa moja. Usihangaike kuioanisha. Nintendo Switch inakubali tangu sasisho la Septemba 2021, lakini maiki ya Bluetooth haifanyi kazi.

Hatua ya 10: Draiva, baada ya yote hayo

Nimeiweka mwisho makusudi. Bonyeza Windows + R, andika services.msc, tafuta Windows Audio, bofya kulia, chagua Restart. Fanya vivyo hivyo kwa Windows Audio Endpoint Builder. Hii peke yake hurudisha sauti iliyokwama.

Isipofaa, fungua Device Manager, sehemu ya Sound, video and game controllers, bofya kulia kwenye kifaa chako, chagua Uninstall device, kisha washa kompyuta upya. Windows itakiweka tena yenyewe. Draiva mpya ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa hedseti. Programu zinazojitangaza kuwa zitasasisha draiva zote kwa mpigo usizipakue, zimewaharibia wengi kilichokuwa kizima.

Bado kuna shida? Tafuta dalili yako

*Upande mmoja tu unalia.* Kagua mizani ya kushoto na kulia ndani ya Sound kwenye kifaa chako. Ikiwa iko sawa, na tatizo linaifuata hedseti hata kwenye simu, waya wa upande usiolia umekatika.

*Muziki unasikika kwa mbali, kama umetoka kisimani, na mwimbaji hayupo.* Plagi haijaingia yote, au njia ya kurudi imekatika. Unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia, ndiyo maana kilichowekwa katikati, yaani sauti ya mwimbaji, hupotea. Sukuma plagi.

*Inalia, inakatika, inalia.* Ya waya: mkunjo karibu na plagi. Ya bila waya: rudi hatua ya 4.

*Windows inaiona, mistari inacheza, kimya.* Ikiwa umeshakagua gurudumu, plagi, waya na chaji kama hatua ya 6 inavyosema, nenda kwenye sifa za kifaa (Properties) ndani ya mmsys.cpl, kichupo cha Advanced, chagua 24 bit, 48000 Hz, uondoe alama za kuruhusu programu moja kukitawala kifaa. Zima pia sauti ya mazingira (Spatial sound).

*Kila ukiwasha kompyuta, sauti inarudi kwenye skrini.* Kwenye mmsys.cpl, bofya kulia kwenye skrini hiyo, chagua Disable. Huhitaji spika zake, basi iondoe kwenye orodha.

*Haitoi sauti popote.* Vaa hedseti, cheza wimbo, upinde waya taratibu: kwanza karibu na plagi, kisha kwenye gurudumu, kisha unapoingilia sikioni. Sauti ikitokeza hata kwa sekunde moja, umepata palipokatika. Mwenye mita ya umeme apime ukinzani kati ya ncha ya plagi na njia ya kurudi, gurudumu likiwa limefunguliwa hadi mwisho. Hedseti nyingi za waya husoma kati ya omu 16 na 64. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, waya umekatika.

Kabla ya kukata chochote, angalia kama dhamana bado ipo, kwa sababu ukishaufungua waya mara nyingi dhamana inakwisha. Kama haipo, mpelekee fundi akuwekee plagi mpya, au fanya mwenyewe ukiwa na kichomeleo (chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kwa risasi). Nyuzi za ndani zimepakwa rangi inayozuia umeme, kwa hiyo kuzisokota pamoja hakutoshi: ichome rangi hiyo kwenye ncha kwa risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka hadi shaba ing'ae, kisha uchomelee. Usiamini rangi za nyuzi, hutofautiana kwa kila mtengenezaji; pima kwanza ujue ipi inakwenda sikio lipi. Na hedseti ya bila waya yenye betri iliyovimba usiifungue wala kuichaji tena.